Kumbe waya!

Leo nimetoka Malindi na Mama, twaenda Kilifi. Taarab zake zote zimo kwenye simu yangu.

Nachomeka kwenye USB ya gari: simu yachaji, redio kimya.
Nikazima gari, nikawasha. Wapi!

Gede nikasimama kwa fundi simu. Akautazama waya, akacheka. "Huu ni wa chaji tu, kaka. Hauna nyaya za data."

Kisha akachukua kijiti cha meno, akachokoa tundu la simu taratibu.
Jamani, lilitoka donge la pamba! Nyuzi za mfuko wa suruali, zimeshindiliwa kama godoro.

Mama kaliangalia lile donge la pamba kimya, halafu: "Na nyumbani wajiita fundi."

Wenzangu, simu zenu zimetoa nini?