Boksi la zawadi za mshahara wa kwanza lilivyoshukia Segera bila mimi

Kwetu Tanga mshahara wa kwanza hauliwi mpaka bibi auonje. Si lazima iwe kitu kikubwa, sukari, majani ya chai, sabuni ya mche, khanga kwa wanawake wa nyumbani, basi. Mama alifanya hivyo alipoanza kazi, wajomba wakafanya, na safari hii ikawa zamu yangu. Nikapita Mtaa wa Uhuru Kariakoo nikachagua doti zangu, ya bibi imeandikwa "Mama nipe radhi kuishi na watu kazi", ya shangazi ni ya zambarau, nzuri mno, nikafunga kila kitu kwenye boksi kwa kamba ya bluu, nikaandika jina na namba ya simu kwa maka peni.

Pale stendi ya Mbezi konda akaniambia boksi lina nauli yake, elfu tano. Nikauliza kwa kipi, mbona kuna watu wana mabegi ya kutisha hawajalipa kitu? Akasema kama sitaki nilibebe mapajani. Nikalipa. Na siti niliyokata ya dirishani nikamkuta mtu kashakaa.

Tulivyofika Muheza nikashuka kununua machungwa, buti ilikuwa wazi, nikasema ngoja nichungulie mzigo wangu. Boksi lipo, kamba ya bluu ipo, lakini mwandiko si wangu! Moyo ulinipasuka. Konda namwambia ananijibu "mzigo analinda abiria mwenyewe", yule yule aliyechukua elfu tano yangu asubuhi, hakunipa risiti wala kunibandikia namba. Nililia pale mbele za watu, sioni aibu kusema, maana pesa ya kununua tena sikuwa nayo na bibi alishawatangazia majirani kwamba mjukuu anakuja.

Abiria mmoja mzee akaniambia, mwanangu acha kugombana na huyo, hilo boksi si lina namba? Piga. Nikapiga. Akapokea mama mmoja, kashukia Segera na kaunga gari ya Korogwe, yuko nyumbani kwake kabisa. Nikamwamkia, kabla sijajieleza akasema, "Marahaba mwanangu, nimefungua nakuta khanga mpya na sukari, nikajua hizi ni zawadi za watu, nilikuwa naitafuta namba yako hapa juu ila imefutika." Lake lilikuwa na vyombo vya plastiki na madaftari ya wanawe. Tukakubaliana, langu alipakize kesho kwenye basi la Tanga, la kwake nalo litapanda basi la kurudi.

Usiku ule nililala Ngamiani mikono mitupu, kila anayeingia anasalimia anatupia jicho pembeni, hasemi kitu.

Kesho yake nikalifuata boksi stendi ya Kange. Limefungwa vizuri kuliko nilivyolifunga mimi, na juu ya khanga kuna maembe yamezungushiwa gazeti. Nikampigia, mama maembe ya nini tena? Akasema, "Mzigo wa heri umepita kwangu, ningeurudishaje hivi hivi?" Bibi alipoambiwa akanyamaza kidogo, maana na yeye ndivyo alivyotulea, sahani ya jirani hairudi tupu, hata ukikosa kabisa weka ndimu mbili.

Akakaa chini kugawa. Sukari anaipima kwa kikombe kidogo cha kahawa, anamimina kwenye karatasi, anakunja pembe, watoto wanakimbiza nyumba hadi nyumba: bibi kasema muonje riziki ya mjukuu wake. Hapo ndio nikaelewa kwanini hakuwahi kutaka pesa taslimu, pesa angeitia kwenye pindo la khanga ikaishia pale, lakini sukari imeingia kwenye chai ya mtaa mzima, na watu wakaniombea dua kwa jina. Huku Dar tunatumiana kwa simu, unaona meseji, unasema asante, imeisha hiyo.

Kisha akachambua zile doti, akaichomoa ya zambarau, akaniambia weka kwenye boksi la yule mwenzetu wa Korogwe, naye kashakuwa wa kuonja. Nikasema bibi hiyo ni ya shangazi. Akasema shangazi yako yupo, hatoroki.

Nimeipeleka. Shangazi ananipigia kila Jumapili kuulizia doti yake, mwisho wa mwezi narudi Mtaa wa Uhuru kuitafuta rangi ile ile.