Kidonge cha Kutokufa

Dada yangu anataka kuishi milele, na anasema kidonge cha kutokufa kikipatikana atakimeza. Ni fundi cherehani kule Kawangware, na anasema hata miaka mia tano haitamtosha kumaliza nguo za wateja. Tumebishana wiki nzima kwa simu.

Kuishi siku nyingi sikupingi. Jeanne Calment wa Ufaransa alifariki mwaka 1997 akiwa na miaka 122, na nasema hongera zake. Kinachoniogofya ni kukosekana kwa mwisho kabisa. Hata mwilini mambo hayaendi hivyo. Mwaka 1961 mwanasayansi Leonard Hayflick alionyesha kwamba seli za kawaida za binadamu hugawanyika kama mara 50 hivi, kisha husimama. Seli za saratani ndizo zinazokataa kusimama. Zile alizotolewa Henrietta Lacks huko Marekani mwaka 1951 zingali zinazaliana kwenye maabara hadi leo. Mwenyewe aliaga dunia mwaka uleule, kwa saratani hiyohiyo.

Halafu kuna ardhi. Guka, yaani babu yetu, aligawa shamba lake la kule Kikuyu alipoona pumzi zinamwishia. Alishika bakora, akatembea polepole akituonyesha: kutoka mparachichi huu hadi kwenye mfereji ni pa baba yenu, kutoka hapo hadi barabarani ni pa mdogo wake. Kabla ya siku hiyo, wanawe, watu wazima wenye mvi, walikuwa bado wanamwomba ruhusa ya kupanda hata sukumawiki. Nilimpenda sana guka, lakini sidhani angeishika ile bakora kama angejua hafi. Na hilo ni shamba dogo tu. Fikiria wenye majumba ya kupangisha hapa Nairobi, na kodi inavyopanda, halafu hakuna hata mmoja wao anayezeeka!

Dada anasema sheria itatungwa. Si Katiba ya Kenya ya 2010 inawastaafisha majaji wakifika miaka 70, na rais anapewa mihula miwili? Sawa, lakini nani atakayeilinda sheria hiyo ikiwa wabunge nao hawafi? Alicheka, akasema mimi napenda kuharibu stori.

Jana akaniuliza: mama akiletewa kidonge hicho, utamzuia?

Hoja zangu za seli, shamba na majaji ziliniishia hapohapo. Nisingemzuia. Ningemletea na maji ya kumezea.