Ubao wa seli NK: taa ya kalsiamu imetii

Hatimaye! Ubao wangu wa taa, unaoonyesha jinsi seli NK (seli za kinga zinazoua seli zilizoharibika) zinavyoamua kuua au kuacha, umetii. Jana usiku nimechomeka kadi ya seli yenye afya na taa ya kalsiamu haikumeta hata kidogo. Nimeichomoa na kuirudisha mpaka kona za kadi zikalegea. Giza tupu. Nina furaha isiyo kifani.

Ubao umegawanyika: upande mmoja vipokezi vya seli NK, upande wa pili kadi za boksi zenye vipande vya foili vinavyofunga saketi. Foili ya HLA, kitambulisho cha seli za mwili, hugusa KIR, kipokezi cha breki; ya MICA hugusa NKG2D na ya CD48 hugusa 2B4, vipokezi vya kuamsha. Taa zinafuatana: Vav1 (protini inayopitisha ishara ndani ya seli NK), kalsiamu, kisha nyekundu ya perforini na granzaimu, silaha za kuulia.

Kilichonitesa ni zuio. KIR ikikaa mwisho wa njia, taa nyekundu inazimika vizuri, lakini ya kalsiamu inawaka vilevile, na hilo sikukubali kulifumbia macho. Seli NK iliyozuiwa haifiki huko. KIR ikishika HLA, mkia wake wa ndani huita SHP-1, kimeng'enya cha kuondoa fosfati, nacho huivua Vav1 fosfati zake. Njia inafungwa mlangoni. Basi nimehamisha transista ya KIR hadi kwenye Vav1, nikalehemu upya, kazi ikaisha.

Na bredibodi, ule ubao wa kuchomeka waya bila kulehemu, sirudii. Hewa ya chumvi ya hapa Tanga inakula miguu ya waya. Unakesha ukisaka tatizo kwenye mchoro kumbe ni kutu. Lehemu moja kwa moja, na uwe na multimita, hata ya bei chee.

Mpwa wangu wa kidato cha tano akauliza: "Shangazi, kama seli NK zinaua seli isiyo na HLA, seli nyekundu za damu zinaponaje?" Swali la maana kabisa. Mwaka 1986 mwanasayansi Klas Kärre na wenzake walionyesha kwamba panya hukataa seli za saratani zilizopungukiwa na vitambulisho vya aina hiyo. Lakini kukosa breki hakuendeshi gari. Lazima kitu kiamshe. Seli nyekundu karibu hazina HLA, na viamshi hazina. Nikakata kadi yake papo hapo: taa zote kimya. Kadi ya uvimbe nimeipa MICA pamoja na CD48, kwa sababu NKG2D peke yake haitoshi kuamsha seli NK iliyotulia. Kipokezi kingine, CD16, kikishika kingamwili zilizoifunika seli lengwa, hujitosheleza.

Boksi la mbao nililopanga kumpa fundi wa Ngamiani lisubiri. Nataka kadi mbili kwa mpigo, kwa kuwa zuio la KIR hufanya kazi pale tu seli zinapogusana: seli NK moja inaweza kumwacha jirani mzima na kumuua mgonjwa wakati huohuo. Hapo kila mguso unahitaji Vav1 yake, na leo nimeanza kuchora tawi la pili.