Nani Anashika Kipimo? Safari ya Utafiti wa Menejimenti kutoka Gujarat hadi Nagoya

Mwanafunzi wa menejimenti ya kimataifa hamalizi masomo yake bila kukutana na jedwali la Geert Hofstede, mtafiti wa Kiholanzi aliyechambua hojaji zaidi ya 116,000 zilizojazwa na wafanyakazi wa kampuni ya kompyuta ya IBM duniani kote kati ya mwaka 1967 na 1973. Jedwali hilo huipa kila nchi alama zake: watu wake wanakubali kwa kiasi gani tofauti ya madaraka kati ya mkubwa na mdogo, wanatanguliza nafsi au jamii, wanaogopa mambo yasiyotabirika au la. India imepewa 77 katika kukubali tofauti ya madaraka, Hong Kong 68 na Japani 54. Tanzania, Kenya, Ethiopia na Zambia zimetiwa katika kapu moja lililoitwa Afrika Mashariki, na kapu hilo limepewa 64. Kila mwaka ninapofika sura hiyo darasani, mwanafunzi mmoja huuliza inakuwaje mfugaji wa Arusha na karani wa Addis Ababa wawe na alama moja, na swali hilo linastahili jibu bora kuliko lile lililomo vitabuni. Nilipopata nafasi ya likizo ya utafiti, niliamua kwenda kutazama kwa macho sehemu tatu za Asia ambazo wasomi wa menejimenti wamezisoma mno: Anand katika jimbo la Gujarat, Hong Kong, na Nagoya.

Nilitua Mumbai usiku na asubuhi yake nikapanda treni ya kwenda kaskazini, mwendo wa karibu kilomita 500 hadi Ahmedabad. Huko ndiko iliko Taasisi ya Menejimenti ya India, iliyoanzishwa mwaka 1961 kwa msukumo wa mwanasayansi Vikram Sarabhai na kwa ushirikiano na shule ya biashara ya Harvard. Majengo yake ya matofali mekundu, yenye matundu makubwa ya duara ukutani, yalichorwa na Louis Kahn, na mtu huelewa thamani ya matundu hayo joto linapopanda: ukumbi una kivuli na upepo unapita. Mwenyeji wangu, profesa wa ushirika na kilimo, alinieleza kwamba taasisi ilirithi kutoka Harvard ufundishaji kwa kutumia visa vya kampuni halisi, lakini visa vya mwanzo vya Kimarekani havikuwasaidia sana vijana ambao wangeajiriwa kwenye viwanda vya nguo vya Ahmedabad au kwenye benki za vijijini, kwa hiyo walimu wakalazimika kutoka ofisini na kuandika visa vyao wenyewe. Jambo hilo lilinigusa moja kwa moja, kwa sababu vyuo vyetu vingi bado viko katika hatua ile ya kwanza.

Anand iko mwendo wa saa moja na zaidi kwa gari kutoka Ahmedabad. Habari yake inafahamika kwa watu wa ushirika. Kabla ya mwaka 1946, wafugaji wa wilaya ya Kaira, ambayo Anand ilikuwa ndani yake, walikuwa hawana mnunuzi mkubwa isipokuwa kampuni ya Polson, iliyopewa haki ya kukusanya maziwa na kuyapeleka Bombay (Mumbai ya leo), na bei ilipangwa na mawakala waliokuwa katikati. Kwa ushauri wa Sardar Vallabhbhai Patel, mmoja wa viongozi wa harakati za uhuru wa India, wafugaji walikataa kuuza maziwa kwa muda wa siku 15, na mwezi Desemba mwaka huo wakasajili muungano wao wa ushirika chini ya uenyekiti wa Tribhuvandas Patel. Mwaka 1949 alifika mhandisi kijana aliyeitwa Verghese Kurien, mtu wa Kerala aliyetumwa na serikali kwenye kiwanda kidogo cha maziwa, na akabaki Anand maisha yake yote. Wataalamu wa nje walisema maziwa ya nyati hayawezi kugeuzwa kuwa unga. Mwenzake Kurien, H. M. Dalaya, akaonyesha kwamba yanawezekana, na kiwanda kikafunguliwa mwaka 1955. Waziri Mkuu Lal Bahadur Shastri alilala katika kijiji kimoja cha wilaya hiyo mwaka 1964, akawahoji wanakijiji, na mwaka uliofuata serikali ikaunda bodi ya taifa ya maziwa yenye makao yake Anand, si Delhi. Leo ushirika huo, ambao wengi wanaujua kwa jina la Amul, una wafugaji zaidi ya milioni 3 katika jimbo la Gujarat.

Hayo yote nilikuwa nimeyasoma. Nisichokuwa nimekisoma popote ni yale niliyoyaona alfajiri katika ofisi ya chama cha kijiji, chumba kimoja chenye sakafu ya saruji na mlango unaotazama barabara. Wanawake walikuwa wamepanga foleni, kila mmoja na chombo chake cha chuma cha pua, wengine wakiwa na lita mbili tu kutoka kwa nyati mmoja. Karani alimimina maziwa kwenye mizani, akachota kiasi kidogo, akakiweka kwenye mashine ndogo ya kupima mafuta, na namba zikatokea kwenye kioo kilichogeuziwa upande wa foleni: uzito, asilimia ya mafuta, kiasi cha fedha. Kisha karatasi ndogo ikatoka yenye namba zilezile, na mwenye maziwa akaondoka nayo.

Mama mmoja wa makamo aliitazama namba yake ya mafuta, akatikisa kichwa, akasema neno kwa Kigujarati. Karani hakubishana naye. Alikoroga maziwa yale upya, akachota tena, akapima tena mbele yake, na namba ikapanda kidogo. Mama akachukua karatasi yake, na foleni ikasogea. Mwenyeji wangu alinitafsiria kwamba mama alikuwa amesema sampuli ilichotwa juu juu kabla maziwa hayajachanganyika. Hakuna aliyeshangaa. Karani ameajiriwa na chama, chama ni cha watu waliosimama kwenye foleni, na mafuta ndiyo msingi wa bei. Ukimnyima mfugaji haki ya kuona kipimo, umemrudisha kwa wakala wa mwaka 1945. Niliikumbuka ile 77 ya India, nikajiuliza ni wapi katika hojaji za IBM pangeweza kuingia kitendo cha mama yule.

Simaanishi kwamba hakuna matabaka Gujarat. Yapo, na mwenyeji wangu alikuwa wa kwanza kunieleza jinsi tabaka na ukubwa wa ardhi vinavyoathiri uchaguzi wa viongozi wa vyama, na jinsi maziwa yanavyoletwa na wanawake ilhali kamati kwa muda mrefu zilijaa wanaume. Lakini hilo ndilo linalofanya kipimo kile kiwe na uzito. Watu wanaoishi ndani ya jamii yenye ngazi nyingi waliunda mahali pamoja ambapo mizani na mashine ni za kila mtu, na menejimenti ya shirika kubwa imejengwa juu ya mahali hapo.

Hong Kong nilikaa muda mfupi zaidi, na kazi yangu ilikuwa moja: kusoma na kuzungumza kuhusu utafiti uliofanywa na Michael Bond katika Chuo Kikuu cha Kichina cha Hong Kong. Chuo kiko mlimani huko Sha Tin, juu ya ghuba ya Tolo, na treni inakushusha chini yake kabisa, halafu unapanda. Bond, mwanasaikolojia kutoka Kanada, alijiuliza swali ambalo lingepaswa kuulizwa mapema zaidi: ikiwa hojaji zote zimetungwa na watu wa Magharibi, je, hazipati tu yale ambayo watu wa Magharibi wamefikiria kuyauliza? Basi akawaomba wasomi wa Kichina wataje maadili ya msingi katika jamii yao, ikapatikana orodha ya mambo 40, yakiwemo kuweka akiba, kustahimili, kuwatii na kuwaheshimu wazazi, na kuona haya. Hojaji hiyo ikapelekwa kwa wanafunzi wa nchi 22, na matokeo yakachapishwa mwaka 1987. Pande tatu za matokeo zilifanana na zile za Hofstede. Upande wa nne haukuwemo kabisa katika jedwali la zamani: ule wa kustahimili na kuweka akiba kwa ajili ya siku za mbele, ambao mwaka uliofuata yeye na Hofstede waliuhusisha na ukuaji wa uchumi wa Asia ya Mashariki. Hofstede mwenyewe akauongeza kwenye kazi yake, jambo ambalo ninamheshimu kwalo.

Hata hivyo, nilipoziangalia alama za awali za upande huo, nilisita. Hong Kong ilipata 96 na Japani 80, wakati Zimbabwe ilipata 25 na Nigeria 16, na kila nchi ikiwakilishwa na wanafunzi wapatao 100. Mtu anayewajua akina mama wa vikoba na upatu, wanaotoa fedha kila wiki kwa miaka bila kuchelewa, hawezi kukubali kirahisi kwamba Mwafrika hana hulka ya kuweka akiba. Nilimwambia hivyo mhadhiri kijana aliyekuwa mwenyeji wangu pale chuoni. Alinijibu kwamba mbinu ya Bond ilikuwa kuanzia orodha ya watu wenyewe, na kwamba anayeona orodha ya Kichina haimtoshi anapaswa kuandika ya kwake. Sikuwa na la kuongeza.

Nagoya nilianza na jumba la makumbusho la viwanda na teknolojia la Toyota, lililofunguliwa mwaka 1994 katika majengo ya matofali ya kiwanda cha nguo alichokianzisha Sakichi Toyoda mwaka 1911. Sakichi alikuwa mtu wa mashine za kufuma, si wa magari. Mashine yake ya mwaka 1924, inayoitwa aina ya G, bado inawashwa mbele ya wageni. Kila uzi wa mtande umepita katika kipande chembamba cha chuma; uzi ukikatika, kipande kinadondoka, na mashine inasimama papo hapo. Mwelekezaji, mama aliyevaa glavu nyeupe, aliukata uzi mmoja kwa makusudi, kelele zote zikakatika, naye akatuonyesha kwa kidole mahali palipokatika. Kabla ya hapo mfanyakazi alilazimika kusimama karibu na mashine akiikodolea macho ili isifume nguo mbovu. Baada ya hapo mtu mmoja aliweza kusimamia makumi ya mashine. Haki za kutengeneza mashine hiyo ziliuzwa mwaka 1929 kwa Platt Brothers wa Oldham, Uingereza, kwa pauni 100,000.

Wazo hilohilo ndilo nililolikuta kwenye kiwanda cha magari katika mji wa Toyota, ambao hadi mwaka 1959 uliitwa Koromo. Wageni hupitishwa kwenye njia ya juu, bila kupiga picha. Chini, kando ya mstari wa kuunganishia magari, inapita kamba. Mfanyakazi akiona hitilafu huivuta, muziki mfupi unalia, taa ya kituo chake inawaka kwenye ubao, na kiongozi wa kikundi anakwenda kwake haraka. Tatizo likitatuliwa kabla gari halijafika alama ya mwisho wa kituo, kazi inaendelea. Lisipotatuliwa, mstari unasimama. Nilisimama pale nikisikiliza muziki ule ukilia mara kwa mara. Taiichi Ohno, aliyeunganisha mfumo huu baada ya vita, hakuupata katika hali ya raha: mwaka 1950 kampuni ya magari ya Toyota ilikaribia kufilisika, wafanyakazi zaidi ya 1,500 waliondoka, mgomo ukatokea, na mwanzilishi wake Kiichiro Toyoda, mwana wa Sakichi, akajiuzulu. Waliobaki walipewa uhakika wa ajira, na uhakika huo ndio unaomwezesha mtu kuvuta kamba bila kuogopa kwamba hitilafu aliyoifichua itamfukuzisha kazi.

Profesa mmoja wa mahusiano ya kazi niliyekutana naye Nagoya alisisitiza jambo ambalo wageni wengi hawaliandiki: wafanyakazi wa mkataba wa muda hawana uhakika huo kwa kiwango kile kile, ingawa nao wanasimama kando ya kamba ile ile. Aliniuliza kama katika viwanda vya kwetu mtu wa chini anaweza kusimamisha kazi, na akisimamisha, ni nani anayelipia muda uliopotea. Nilimweleza nilivyoona Anand, akaandika kwenye daftari lake.

Hojaji niliyokuwa nimeipanga kwa ajili ya vyama vya maziwa vya Tanga na Kilimanjaro, iliyokuwa na maswali ya kukubaliana au kutokubaliana kwa ngazi tano, nimeiweka kando. Badala yake nitakwenda kwenye vituo vya kupokelea maziwa asubuhi na kuandika mambo manne: kioo cha mashine kimegeuziwa upande gani, mfugaji akikataa kipimo kinapimwa tena na nani, karani anaajiriwa na nani, na mara ya mwisho mtu kulalamika alipata nini. Wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu ndio watakaonisaidia kuorodhesha maswali mengine, wakiwauliza kwanza wafugaji wenyewe ni mambo gani wanayaona ya msingi katika chama kinachoendeshwa vizuri.