Baba Aliyeingia Seneti ya Kanada kwa Ajili ya Jamaa wa Waliouawa

Usalama wa umma unapojadiliwa bungeni, wanaosikilizwa kwa kawaida ni maafisa wa polisi, mawaziri na mawakili, ilhali jamaa wa aliyeuawa huitwa siku ya kutoa ushahidi tu, kisha akaachwa arudi kwake. Pierre-Hugues Boisvenu, aliyekuwa seneta wa Kanada kutoka mkoa wa Quebec tangu Januari 2010 hadi Februari 2024, alitumia karibu muda wake wote katika Seneti kuipinga desturi hiyo. Naandika habari zake hapa Malindi, pwani ya Kenya, kwa sababu tangu mwaka 2023 mji wetu umekuwa ukiwapokea jamaa wa aina hiyo, na katika kazi ya seneta huyu naona jambo ambalo wabunge wetu wanapaswa kulichukua, pamoja na jingine ambalo ni heri waliache.

Boisvenu hakukulia katika siasa. Alizaliwa mwaka 1949 katika eneo la Abitibi, kaskazini-magharibi ya Quebec, na kwa miaka mingi alikuwa mtumishi wa serikali ya mkoa huo. Mnamo Juni 2002 binti yake Julie, aliyekuwa na umri wa miaka 27, alitekwa nyara mjini Sherbrooke, akabakwa na kuuawa na mtu ambaye tayari alikuwa amewahi kutiwa hatiani kwa makosa mengine. Mwaka 2004 Boisvenu aliungana na kina baba wengine waliopoteza mabinti zao, wakaanzisha chama cha familia za watu waliouawa au kutoweka. Mwishoni mwa 2005 binti yake wa pili, Isabelle, alifariki katika ajali ya barabarani. Angalijifungia ndani, hakuna ambaye angalimlaumu. Yeye aliendelea kuzunguka Quebec akihoji kwa nini wazazi wa aliyeuawa hawahesabiki kuwa waathiriwa katika sheria ya fidia, na kwa nini habari za kesi ya mtoto wao huwafikia kupitia magazeti kabla ya kuwafikia kupitia kwa waendesha mashtaka.

Seneti ya Kanada haifanani na yetu. Ina viti 105, na maseneta hawachaguliwi na wananchi. Huteuliwa na Gavana Mkuu kwa ushauri wa Waziri Mkuu, nao hubaki hadi watimize umri wa miaka 75. Boisvenu aliteuliwa wakati wa Waziri Mkuu Stephen Harper, akaketi upande wa wahafidhina. Mimi sipendi utaratibu wa bunge lisilopigiwa kura, lakini nakiri kwamba ulimwezesha mtu mmoja kushikilia jambo moja kwa miaka kumi na minne bila kuhesabu kura za uchaguzi ujao.

Tunda kubwa la harakati hizo ni Hati ya Haki za Waathiriwa ya Kanada, iliyopitishwa na kuanza kutumika mwaka 2015, ambayo Boisvenu alikuwa miongoni mwa watetezi wake wakuu. Hati hiyo inataja haki nne: kupewa taarifa, kulindwa, kushirikishwa na kurudishiwa hasara na mkosaji. Ile ya kwanza ndiyo iliyonivutia zaidi, kwa kuwa imeingia katika mambo madogo ambayo mtunga sheria asiyepatwa na msiba asingeyafikiria. Mwathiriwa aliyejiandikisha anaweza kujulishwa mfungwa ataachiliwa lini na kwa masharti gani, na hata kuonyeshwa picha ya sura yake ya sasa kabla hajaachiliwa, maana mtu aliyeingia gerezani akiwa kijana huweza kutoka akiwa na sura nyingine kabisa, na mama wa marehemu akapishana naye sokoni asimtambue.

Hata hivyo hati hiyo ina udhaifu mkubwa, nao haukujificha. Taarifa hutolewa kwa anayeomba, kwa hiyo asiyejua kwamba ana haki ya kuomba hukaa gizani. Na haki hizo zikivunjwa, sheria yenyewe inasema kwamba mwathiriwa hawezi kudai fidia wala kukata rufaa kwa sababu hiyo, bali atapeleka malalamiko katika idara husika. Mwaka 2020 ofisi ya shirikisho inayowatetea waathiriwa ilieleza wazi kwamba utekelezaji ulikuwa wa kusuasua.

Kuna na upande wa pili wa hotuba zake, ule wa adhabu kali. Februari 2012 alisema kwamba kila muuaji apewe kamba katika seli yake ili aamue mwenyewe kuhusu uhai wake. Kelele zikawa nyingi, naye akayaondoa maneno hayo. Naelewa yalikotoka, lakini sikubaliani nayo. Ukali wa adhabu haumjibu mzazi anayetaka kujua mwanawe alikufaje, na mbunge anayetumia uchungu wa familia kudai vifo zaidi huwapokonya watu hao swali lao wenyewe.

Nayasema haya nikiwa nimewaona watu hao kwa macho yangu. Baada ya makaburi ya msitu wa Shakahola, walikozikwa wafuasi wa mhubiri anayedaiwa kuwahimiza wafunge kula hadi kufa, kuanza kufukuliwa Aprili 2023, na hatimaye miili zaidi ya 400 kutolewa ardhini, familia zilifika Malindi kutoka kila pembe ya Kenya. Nje ya chumba cha maiti nilimwona mama aliyesafiri kwa basi kutoka magharibi ya nchi, amefunga picha ya binti yake na wajukuu katika pindo la leso. Kila gari la polisi lilipoingia langoni alisimama, akalifungua fundo, akaishika ile picha kifuani, na gari lilipopita akakaa tena. Alikuwa ameshatoa sampuli ya vipimo vya DNA, akaambiwa angojee simu. Miili ya kwanza iliyotambuliwa ilikabidhiwa jamaa mnamo Machi 2024.

Kwenye karatasi, sisi hatuko nyuma ya Kanada. Ibara ya 50(9) ya Katiba yetu inaliagiza Bunge litunge sheria ya kuwalinda waathiriwa wa uhalifu, na Sheria ya Ulinzi wa Waathiriwa ilipitishwa mwaka 2014, mwaka mmoja kabla ya hati ya akina Boisvenu, ikaunda bodi na mfuko wa kuwasaidia. Mwaka 2020 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Waswa, iliamua kwamba mwathiriwa anaweza kushiriki katika kesi ya jinai, yeye mwenyewe au kupitia wakili, chini ya uangalizi wa hakimu, ilhali hati ya Kanada inatamka kwamba haimfanyi kuwa mmoja wa wahusika wa kesi. Kinachotupungukia ni mtu wa kumpigia simu yule mama.

Katika miaka yake ya mwisho Boisvenu alisimamia mswada wa S-205, uliohusu ukatili wa majumbani. Ulikusudia kwamba kabla mshtakiwa hajaachiliwa kwa dhamana, mwenza wake aulizwe kuhusu usalama wake, na kwamba mahakama iweze kuamuru mshtakiwa avae kifaa cha kielektroniki cha kufuatilia mienendo yake. Februari 2024 alitimiza miaka 75, akastaafu.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa seneta wetu wa Kilifi na kwa kamati zinazoshughulikia sheria na usalama. Ongezeni katika sheria ya 2014 kifungu kinachoipa kila familia ya aliyeuawa afisa mmoja anayejulikana kwa jina na namba ya simu, tangu siku mwili unapopatikana hadi hukumu inaposomwa. Jamaa asilazimike kuomba; afisa ndiye apige, tena kwa tarehe zilizowekwa, hata kama siku hiyo hana jipya la kusema. Na asipopiga, familia iwe na mahali pa kumshtaki.