Skonzi za boga
Jana nilinunua boga pale soko la Majengo, buku tu, nikasema safari hii silipiki la nazi ngoja nijaribu skonzi. Nikachemsha nikaponda, unga vikombe vitatu, siagi, beking pauda, mdalasini, tangawizi na karafuu kiduchu maana ikizidi unakula dawa ya meno. Kosa langu sikulikamua maji, donge likawa uji, nikawa naongeza unga tu huku mikono njano mpaka kwenye kucha. Ovena sina, nikaweka mkaa juu na chini ya sufuria, za pembeni zikaungua ila za katikati weee, zimepasuka juu ndani laini, mama mkwe kala nne na chai ya rangi halafu anauliza eti haya maandazi gani hayana mafuta 😂