Siku moja maishani mwangu: sauti ya maporomoko yaliyozama

Saa 11 alfajiri. Nyumba yetu ya Walukuba, hapa Jinja, Uganda, bado kimya. Nimekaa jikoni na hedifoni masikioni, nasikiliza mchezo wa redio wa Marekani uliorushwa kabla mimi sijazaliwa. Sijistareheshi, hii ni kazi: nawafundisha wanangu watatu nyumbani. Wanangu hawasikii kitu ambacho mimi sijakisikia mwanzo hadi mwisho, kwa sababu redio ya zamani ina hazina na ina uchafu pia. Amos 'n' Andy, kipindi kilichoanza 1928 na kupendwa na mamilioni, kilichezwa na Wazungu wawili wakiiga sauti za watu weusi ili wachekwe. Hicho nimekifuta kwenye simu. Binti yangu akikua nitakaa naye tukisikilize pamoja, ajue kilikuwepo.

Cha leo ni You Are There. CBS, shirika la utangazaji la Marekani, walikianza 1947: waandishi wa habari wa redio wanaingia kwenye tukio la kale wakiwa na maikrofoni, wanahoji watu kana kwamba jambo linatokea sasa hivi. Leo ni kuuawa kwa Julius Caesar. Nakihamishia kwenye memori kadi ya spika ndogo, kisha nawasha jiko la mkaa.

Saa 2. Uji, shikamoo kwa Bibi, hesabu. Kugawanya kwa tarakimu mbili hakufundishwi na hadithi yoyote ya redio, kwa hiyo hapo ni kalamu, daftari na uvumilivu.

Saa 4. Hii ndiyo saa ninayoipenda. Mimi ni fundi cherehani, na kwa saa hii cherehani hunyamaza. Nashika kazi ya mkono. Leo ni gomesi, vazi refu la wanawake wa hapa, ya mteja wa Bugembe, nashona vifungo viwili vya shingoni, upande wa kushoto. Mwanangu wa kati, wa miaka tisa, nampa ungo wa karanga abangue. Ukimwambia akae atulie asikilize, hasikii kitu. Mpe karanga, hatakosa neno.

Mchezo wenyewe ni wa Kiingereza. Ukiisha siwapi maswali ya kujibu. Nauliza tu, kwa Kiswahili: "Umeona nini?" Kifungua mimba, mwenye miaka kumi na miwili, kaona ngazi za mawe zenye damu. Wa kati kaona mtu anayekimbia akiwa ameshika kiatu mkononi. Hakuna kiatu popote katika mchezo ule, kakiona yeye mwenyewe, na ananieleza hata rangi yake. Kitinda mimba kaona mbwa. Wote watatu wanatafuta maneno ya Kiswahili ya vitu ambavyo hawajawahi kuvitaja, na mimi nasubiri. Kisha natoa Juliasi Kaizari, tamthilia ya Shakespeare iliyotafsiriwa na Mwalimu Nyerere, binti anasoma ukurasa mmoja kwa sauti.

Tulianza hivi shule zilipofungwa, Machi 2020, hadi Januari 2022. Masomo yalipokuja redioni, mwalimu alikwenda mbio na hakuna aliyeweza kumsimamisha. Wanangu walisinzia. Lakini ikija hadithi, hata ya dakika tano, wote waliinuka. Niliona hilo kwa macho yangu, siku baada ya siku, na shule zilipofunguliwa sikuliacha.

Tena kuna jambo la lugha. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu katiba ilipofanyiwa marekebisho 2005, lakini wengi hapa bado wanakisikia kama lugha ya amri, ya askari barabarani. Nataka wanangu wakisikie kikibembeleza, kikisimulia, kikiuliza.

Saa 7. Stima imekatika. Chakula ni posho, yaani ugali, na maharage. Spika ina chaji, simu yangu ina asilimia 40. Inatosha.

Saa 9. Sasa zamu yao. Wiki hii wanatengeneza kipindi chao kwa mtindo ule ule: Aprili 1954, Malkia Elizabeth anafungua bwawa la Owen Falls, ambalo leo tunaliita Nalubaale. Binti ni mwandishi wa habari, wa kati ni fundi wa mitambo anayehojiwa, kitinda mimba ni umati wote. Farasi wa msafara (wamejiamulia kuwe na farasi) ni vifuu viwili vya nazi vinavyogongwa mezani, kama walivyofanya mafundi wa sauti wa redio za zamani. Tumerekodi mara nne. Mara ya tatu bodaboda ilipita dirishani na binti akasimamisha kila kitu: "Mama, 1954 hakukuwa na boda!" Alikuwa na hasira ya kweli, nami nikafurahi.

Kisha tukafika kwenye maji. Bwawa lilipokamilika, maji yaliinuka yakafunika maporomoko ya Ripon, pale mto Nile unapotoka Ziwa Victoria. Hakuna mtoto wa Jinja wa leo aliyewahi kuyasikia. Wa kati akamimina mchele kwenye sinia polepole. Ulilia kama mvua juu ya bati.

Bibi, mama yangu, alikuwa amekaa mkekani akichambua mboga. Baba yake alikuwa fundi wa reli kutoka Mombasa, na maji yalipopanda Bibi alikuwa na miaka tisa.

"Siyo hivyo, mjukuu wangu," akasema. "Hayakuwa na chenga chenga. Usiku ukilala ilikuwa kama treni inayokuja, ila haifiki."

Wakaacha mchele. Wakajaribu kuburuta gunia la mkaa sakafuni, halafu godoro. Bibi akatikisa kichwa kila mara. Mwisho kitinda mimba akatia mdomo kwenye mtungi mtupu akavuma kwa pumzi ndefu, huku kaka yake akisugua sinia kwa kiganja, chini chini. Bibi akaacha mboga.

Saa 12 jioni. Mteja kaja kuchukua gomesi. Nimemaliza upindo akiwa amesimama mlangoni. Hakulalamika.

Saa 2 usiku. Stima imerudi. Kabla ya kulala Bibi huwapa hadithi yake, "Paukwa!" "Pakawa!", na mimi huirekodi bila kumkatiza, nimefikisha 31 kwenye memori kadi. Leo kakataa kuanza. Anataka kipindi cha watoto kwanza. Tumekicheza chote, dakika kumi na moja. Kawakubali farasi kwa kuinamisha kichwa, kamcheka Malkia, kisha kaniambia nirudishe nyuma.

"Wapi, Mama?"

"Pale pa maji."

Nikarudisha. Akasogeza spika karibu na sikio lake, akafumba macho.